Mota Mtumishi na Mshika Usukani

Siku hizi katika nchi nyingi wako watu waliotengeneza nyumbani mwao kiti cha gari kisichokuwa na gari. Mbele ya kiti pana usukani, pedeli na kioo cha kompyuta, na mtu akikaa hapo huiona njia ikimjia kama kwamba yumo mashindanoni kweli. Hata Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na yakarudi katika mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, yamo katika michezo hii. Mtu aliye Oslo au London aweza kukimbia katika vumbi la Bonde la Ufa bila ya kutoka chumbani mwake. Mtambo huu huitwa simuleta, maana yake chombo cha kuigiza.

Kiti kinachotulia tuli hakimdanganyi mtu kwa muda mrefu. Kwa hivi wengi hukitia miguu minne, mmoja katika kila pembe. Ndani ya kila mguu mna parafujo ndefu, na juu ya parafujo mna mota. Mota ikizunguka, mguu hurefuka au hufupika. Miguu ya mbele ikiinuka, ni kama omo imepanda wimbi. Ya nyuma ikiinuka, tezi imepanda. Ya upande mmoja ikiinuka, chombo kimelala ubavu. Na yote minne ikiinuka pamoja, chombo kizima kimebebwa. Msomaji aliyezaliwa Kudha, au Chula, au Koyama, hana haja ya kuelezwa zaidi, maana miendo hii aliijua mwilini kabla ya kujua kusoma.

Mota za miguu hii si kama mota ya feni. Feni huzunguka tu, wala haijui imefika wapi. Mota hizi huambiwa, "Nenda mahali fulani," nazo huenda, husimama hapo hapo, na mtu akizisukuma hurudi. Huitwa sevo. Makala hii yataka kueleza jinsi zinavyopata akili hiyo, na jinsi ya kuzitengeneza ziwe tayari kwa kazi bila ya kumvunja mtu mkono.

Asili yake ni baharini

Neno sevo latokana na neno la Kilatini lenye maana ya mtumwa. Aliyelitia katika ufundi ni Mfaransa Joseph Farcot, aliyetoa kitabu mwaka 1873 juu ya mota iliyotiishwa. Na kazi aliyoieleza ilikuwa ya kugeuza usukani wa meli kwa nguvu za mvuke. Kabla yake, Mskoti McFarlane Gray alikuwa amekwisha kutia mashine ya namna hiyo katika meli Great Eastern, katika miaka ya 1866 na 1867. Meli hii ndiyo iliyolaza waya wa simu chini ya bahari kutoka Bombay hata Aden mwaka 1870, katika bahari ile ile ya majahazi yetu. Mtu mmoja aligeuza gurudumu dogo kwa mkono wake, na mashine ikaufuata mkono huo mpaka usukani mkubwa ukafika alipotaka, kisha ikasimama.

Mwaka 1922 Nicolas Minorsky, mzaliwa wa Urusi aliyehamia Marekani, aliandika hesabu za chombo kinachojishikia usukani chenyewe. Hakuanza na mashine. Alianza kwa kutazama jinsi mshika usukani hodari anavyofanya kazi, kisha akayaandika yale kwa lugha ya hesabu. Mwaka uliofuata mtambo wake ulijaribiwa katika manowari New Mexico. Hesabu za namna ile ile ndizo zilizomo leo ndani ya kisanduku kinachoongoza mota ya kiti. Basi asidhani mtu kwamba elimu hii ni ngeni kwetu. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa mtu aliyeshika usukani.

Mambo matatu anayofanya mshika usukani

Mtazame mzee aliyekaa tezi na kana mkononi, akipita kati ya miamba.

La kwanza, hutazama kosa lilivyo kubwa. Omo ikitoka katika njia kidogo, husogeza kana kidogo; ikitoka sana, husogeza sana.

La pili, hutazama mwendo wa kosa. Chombo kizito kikianza kurudi njiani, hangoji mpaka omo inyoke. Huanza kurudisha kana mapema, kwani ajua akichelewa chombo kitapitiliza upande wa pili. Mwanagenzi hajui hili, ndiyo sababu njia yake baharini huwa kama nyoka.

La tatu, hukumbuka. Mkondo ukisukuma upande mmoja daima, kosa dogo hubaki halimaliziki. Mzee akiona limekaa muda, huongeza kana kidogo na kuishika hapo.

Sevo nayo hufanya hivyo. Nyuma ya mota mna kijicho kiitwacho enkoda, ambacho huhesabu mzunguko; katika mota nyingi za kazi hii huugawa mzunguko mmoja sehemu 10,000. Kisanduku hulinganisha mahali palipoamriwa na mahali mota ilipo. Tofauti ya hapo ndiyo kosa. Kisha hutoa umeme kwa kadiri ya kosa, kwa mwendo wake, na kwa limbikizo lake, mara maelfu kwa sekunde moja.

Kuzitengeneza

Kwanza, waya. Kila chuma cha kiti na kila kisanduku sharti viungwe na waya wa ardhi. Waya za enkoda ziwe mbali na waya nene za mota, kwani hizi nene hutoa makelele ya umeme yanayoharibu hesabu. Mota za kawaida za kazi hii ni za wati 750. Nne ni wati 3,000, na soketi moja ya Uingereza, yenye ampia 13, haitoi hata hizo kamili. Kwa kweli mota haziombi nguvu zote pamoja kwa muda mrefu, lakini yafaa kulijua jambo hili kabla ya kuongeza kompyuta na vioo katika soketi hiyo hiyo. Tena, ukizima umeme usifungue kisanduku papo hapo. Ndani mna kapasita zinazohifadhi umeme unaoweza kuua. Ngoja muda ulioandikwa katika kitabu chake.

Pili, mota moja moja, juu ya meza, imefungwa isiruke, wala haijaunganishwa na mguu. Hapa ndipo penye hatari ya waya kupishana. Mtoto anayeshika kana mara ya kwanza huisukuma upande anaotaka kwenda, chombo kikaenda upande mwingine, naye akazidi kusukuma. Kosa likazaa kosa. Mota ambayo enkoda yake yasoma kinyume hufanya vivyo hivyo: hukimbia kwa nguvu zake zote. Heri ikimbie mezani kuliko chini ya mtu.

Tatu, gia ya hesabu. Tuseme parafujo husogea milimita 5 kwa mzunguko mmoja. Mota ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ni mara 50 kwa sekunde, na mguu huenda milimita 250 kwa sekunde. Ikiwa kila sehemu ya enkoda yataka pigo lake la amri, kompyuta ndogo inayotoa amri itahitaji kupiga mapigo 500,000 kwa sekunde, na nyingi hazina mbio hizo. Kwa hivi kisanduku huambiwa kuhesabu pigo moja kuwa sehemu 10. Sasa mapigo 50,000 yatosha, na kila pigo ni milimita 0.005, udogo ambao mwili wa binadamu hauwezi kuusikia.

Nne, mpaka wa nguvu. Jambo hili watu hulipuuza, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Mota ya wati 750 huzungusha kwa nguvu ya nyutoni-mita 2.4. Ukipiga hesabu kwa parafujo ya milimita 5, mguu mmoja waweza kusukuma nyutoni 3,000, ukiacha kinachopotea kwa msuguano. Ni kama uzito wa kilo 300. Safari yake ya milimita 100 huimaliza katika sekunde 0.4. Kidole kilicho chini ya mguu huo hakina muda wa kuondoka. Basi siku za kwanza punguza nguvu na mwendo mpaka kiti kiinuke kwa shida, kisha ongeza taratibu. Weka na kitufe chekundu mahali mkono wa aliyekaa unapofika, nacho kikate amri ya mota chenyewe, si kuiomba kompyuta ikubali. Asikae mtu kitini mpaka mtambo umekwenda mtupu muda mrefu bila ya kasoro, na watoto wakae mbali.

Tano, mahali pa kuanzia hesabu. Enkoda nyingi zikizimwa husahau zilipokuwa. Kila asubuhi mguu hauna budi kushushwa polepole, kwa nguvu ndogo, hata uguse mwisho wake. Hapo ndipo sifuri.

Sita, ukali. Ukali mdogo hufanya kiti kuchelewa na kulegea, kama mshika usukani mwenye usingizi. Ukali mwingi hufanya mota kunguruma na kutetemeka hata kiti kikiwa kimesimama, kama mwanagenzi asiyetulia. Anza na kitanzi cha ndani, yaani cha mwendo wa mota, kisha cha mahali. Kwani wa ndani akiwa mvivu, wa nje hawezi kumwamuru kitu. Ongeza kidogo kidogo mpaka mota ianze kunguruma, kisha rudi nyuma kama robo.

Saba, programu. Mguu wa milimita 100 hauwezi kwenda mbio daima kama gari, kwa hivi mwili hudanganywa kwa hila. Gari likiongeza mwendo, kiti huegemezwa nyuma taratibu, na uzito wa mtu mwenyewe ukamsukuma mgongoni. Kisha kikarudishwa polepole asikokujua. Hila ya kuinamisha kiti si mpya: tangu mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link alikuwa ametengeneza kidege cha kufundishia marubani, kikisogezwa kwa mivuo aliyoizoea katika kiwanda cha baba yake cha vinanda. Ulaini ukizidi katika programu, kiti hufuata kwa kuchelewa, na mtu hushikwa na kichefuchefu. Ukipungua mno, kila jiwe huwa nyundo.

Zoezi kwa wanafunzi

Asiye na fedha za mtambo huu asivunjike moyo. Sevo ndogo ya kuchezea, ya volti 5, ina mambo yale yale: mota, kijicho na kisanduku. Hupewa pigo mara 50 kwa sekunde. Pigo la milisekunde 1.5 huipeleka katikati, na fupi au refu zaidi huipeleka upande huu au ule. Ifungie kijiti, ukisukume kwa kidole, utaiona ikishindana nawe kurudi mahali pake.

Na ndugu zetu wa zamani wa shule, hasa wale ambao vita vya 1991 viliwatawanya kutoka visiwani hata Mombasa na Ulaya, tunawaomba neno moja. Mtoto wenu aliyezaliwa huko akiuliza jinsi mota hii inavyojua kusimama, msianze na waya. Mwambieni habari za mzee aliyeketi tezi, akirudisha kana kabla omo haijanyoka. Akilifahamu hilo, yaliyobaki ni hesabu tu.