Nyirinyiri ya mamako haitafika London

Tuseme viza imetoka. Kwenu ni Oldonyiro, kule Isiolo, na habari imeshazunguka soko la mifugo lote kabla hujamaliza kuhesabu nauli. Kinachofuata unakijua. Mathe anachinja mbuzi, nyama inakatwa vipande virefu vyembamba, inaanikwa, inakatwakatwa tena vidogo vidogo, kisha inakaangwa na kuhifadhiwa kwenye mafuta ndani ya mkebe. Hiyo ndiyo nyirinyiri. Wasomali wa Isiolo mjini wana yao wanayoiita oodkac. Haitaki friji, inakaa miezi, na vijiko vichache vinakupeleka hadi jioni.

Ni chakula cha safari kabisa. Shida ni kwamba safari yenyewe ilikuwa ya miguu na ngamia, na huko porini hakuna mtu wa forodha.

Uingereza hairuhusu msafiri kutoka Kenya kuingia na nyama wala maziwa, hata kidogo cha kuonja. Nchi za Umoja wa Ulaya ni vilevile. Haijalishi imekaushwa, imekaangwa au imebarikiwa na nyanya yako. Maziwa lala ya kibuyu ndiyo usiseme: kwenye mkoba wa mkononi, kinywaji kinachozidi mililita 100 kinaishia pale pale JKIA, na ukikiweka kwenye sanduku kubwa kinakungoja kosa la maziwa huko mbele.

Wengi husema hao Wazungu wanatudharau, wanaona chakula chetu ni uchafu. Mimi sioni hivyo, na mtu wa Oldonyiro ana sababu ya kunielewa haraka kuliko wa Nairobi. Unajua kinachotokea ugonjwa wa miguu na midomo ukiingia. Karantini inatangazwa, soko linafungwa, mbuzi wa karo anabaki zizini na mwalimu mkuu anaendelea kupiga simu. Basi ugonjwa huo huo ndio unaofanya mkebe wako utupwe. Wewe utakula usiumwe, lakini virusi vinaweza kusafiri ndani ya nyama na maziwa, na ofisa hana namna ya kujua mkebe wako ulikaa motoni muda gani.

Nao waliumia. Februari 2001 ugonjwa huo uligunduliwa Uingereza, na kabla haujaisha zaidi ya mifugo milioni 6 iliuawa. Wachunguzi walifuata nyayo hadi shamba moja la nguruwe huko Heddon-on-the-Wall, Northumberland, ambako nguruwe walikuwa wakilishwa makombo. Ilishukiwa kuwa ndani ya makombo hayo kulikuwa na nyama iliyoingizwa nchini kimagendo. Fikiria mzee wa kwenu akipoteza zizi zima kwa sababu ya mabaki ya mtu asiyemjua.

Marekani wao wanataka useme ukweli. Fomu yao ya forodha imekuwa ikiuliza kama umebeba nyama au matunda, kama umekuwa shambani au malishoni, kama umegusa mifugo. Manze, mtoto wa Oldonyiro anaweka ndiyo kila mahali! Weka tu. Ukitangaza chakula, kibaya zaidi watakichukua. Ukikificha, adhabu inaweza kufika dola 10,000, na hiyo si pesa ya kuuza mbuzi wawili. Osha viatu pia, kinyesi cha ng'ombe kwenye soli kinaleta maswali mengi.

Sasa, unaweza kubeba nini? Majani ya chai na kahawa iliyokaangwa, vikiwa kwenye pakiti ya dukani ambayo haijafunguliwa, kwa kawaida havina neno. Asali, Umoja wa Ulaya unaruhusu hadi kilo 2 kwa mtu. Halafu kuna hii inayonichekesha: samaki, hadi kilo 20. Yaani Mturkana mwenye samaki mkavu wa ziwani anapita akitabasamu, na Msamburu wa nyama anabaki kaunta akijieleza. Kabla ya kufunga sanduku, soma tovuti ya forodha ya nchi unayoenda, usitegemee binamu aliyesafiri zamani.

Na wewe dada unayeenda kazi ya nyumba Saudia au Dubai, mtu akikuomba umpelekee "kifurushi kidogo tu" kutoka Isiolo, kifungue mbele yake. Miraa inayouzwa barabarani hapa, huko ni dawa ya kulevya, na kesi itakuwa yako. Uingereza nayo iliipiga marufuku Juni 2014.

Kwa hivyo nyirinyiri iliwe nyumbani wiki ya kuaga, mkebe wote, na majirani wakiwemo. Unachobeba ni ujuzi. Mwambie mathe akuonyeshe mwanzo hadi mwisho, mrekodi kwa simu, uulize moto uwe kiasi gani na nyama iwe kavu vipi kabla ya kuikata. Maduka ya halal yako karibu kila mji mkubwa wa Ulaya na mbuzi anapatikana, ghali kidogo. Mafuta ya samli yapo. Jua ndilo huna, kwa hivyo kausha kwa oveni, moto mdogo kabisa, mlango ukiwa wazi kidogo. Fungua na dirisha pia, hata kama ni Januari, maana kengele ya moshi ya fleti haijui nyirinyiri ni nini.