Kughani Torati kwa Kompyuta: Kazi Iko Kwenye Nukta

Gombo la Torati linalosomwa katika sinagogi halina irabu, halina alama ya kumaliza aya, wala ishara yoyote ya kuongoza sauti. Ni konsonanti tupu zilizoandikwa kwa mkono juu ya ngozi. Mvulana wa Kiyahudi akitimiza miaka 13 huitwa mbele ya watu asome humo, na kusoma huko ni kughani, kila neno kwa lahani yake. Hana budi kuzihifadhi lahani hizo kichwani kabla ya siku yenyewe. Kitabu cha kujifunzia, kiitwacho tikuni, huchapwa safu mbili sambamba: moja yenye irabu na alama zote, nyingine kama gombo lilivyo. Mwanafunzi huisoma ya kwanza, kisha hujipima kwa ya pili.

Aliyekulia madrasa za pwani hatashangaa. Anazijua alama za waqfu kwenye msahafu, na anamkumbuka ustadhi aliyemrudisha mwanzo wa aya kwa kosa la pumzi moja. Tovuti ya kufundisha ughani wa Kiebrania inajaribu kumweka mwalimu wa namna hiyo ndani ya simu. Wengi wanaoianza hudhani ugumu uko kwenye sauti. Ugumu unaanza mapema zaidi, kwenye maandishi.

Alama zenyewe huitwa te'amim. Ziliwekwa na wanazuoni wa Tiberia, ukingoni mwa Bahari ya Galilaya, kati ya karne ya 7 na ya 10. Zina kazi kuu mbili kwa pamoja: kuonyesha lahani na kuonyesha maneno yapi yashikane, yapi yatengane. Biblia kamili ya Kiebrania ya zamani kuliko zote zilizobaki, iliyokamilishwa kama mwaka 1008, ina alama hizo, nayo imehifadhiwa Saint Petersburg kwa jina la Kodeksi ya Leningrad. Matini yake imekwisha kuingizwa kwenye kompyuta pamoja na nukta zake, na inapatikana bure kwa jina la Westminster Leningrad Codex. Maktaba ya mtandaoni ya Sefaria nayo inawapa waundaji wa tovuti mlango wa kuchota maandiko moja kwa moja. Kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kuketi na kibodi kuchapa Mwanzo sura ya kwanza. Atakosea.

Ukishachota, angalia Unicode, mfumo wa kompyuta wa kuzipa herufi namba, imeyafanya nini maandishi yako. Kila irabu na kila alama ya Kiebrania ina namba yake, na kompyuta ina kanuni ya kuzipanga upya alama zinazokaa kwenye herufi moja. Kanuni hiyo haikutungwa na mtu aliyewahi kughani. Mfano maarufu ni jina la Yerusalemu: mara nyingi katika Biblia herufi yake ya lamedi hubeba irabu mbili, na programu ikizipanga upya, ya pili hutangulia ya kwanza. Dawa yake ni kuingiza kati yao herufi isiyoonekana, ili zisiguswe. Tena zipo alama mbili, kadma na pashta, zenye umbo moja kabisa machoni. Moja hukaa juu ya herufi yenye mkazo, nyingine mwisho wa neno, na lahani zao ni tofauti. Kubwa kuliko yote, jina la zarka katika jedwali la Unicode limepewa alama isiyo yake, na zarka yenyewe ya Torati imesajiliwa kwa jina la zinor. Kosa linajulikana, ila jina likishaingia Unicode halibadilishwi. Asiyelijua jambo hili atawafundisha watoto alama moja kwa lahani ya nyingine, huku programu yake ikimwambia kila kitu kiko sawa.

Fonti nayo ichaguliwe kwa makini, maana fonti nyingi za Kiebrania zina irabu lakini zikikutana na te'amim huzirundika au huacha visanduku vitupu. Ezra SIL na Taamey Frank CLM zinazibeba vizuri. SBL Hebrew ni nzuri pia, ingawa ruhusa yake ya bure haihusu biashara.

Sasa sauti. Zana inayotosha ni Audacity, programu ya bure. Unarekodi msomaji, unasikiliza, unaweka lebo kwenye kila neno, mwanzo hadi mwisho wake, kisha unatoa faili la maandishi lenye saa za kuanza na kumaliza. Kivinjari hulisoma faili hilo na kuling'arisha neno linaloghaniwa. Hapa kuna mtego mdogo: taarifa ambayo kivinjari hutoa chenyewe kuhusu sauti ilipofikia inaweza kuchelewa hata robo sekunde, na maneno mafupi hupitwa. Afadhali programu iulize saa ya sauti kila skrini inapochorwa upya. Msomaji asipangiwe Jumamosi, kwani mshika Sabato hagusi kinasa sauti siku hiyo.

Lakini msomaji yupi? Alama ni zile zile, lahani ni nyingi. Myahudi wa Yemeni, wa Moroko, wa Baghdad na wa Lithuania wataghani aya moja kwa njia nne. Mtafiti wa muziki Abraham Zvi Idelsohn alizirekodi nyingi kati ya lahani hizi Jerusalem kuanzia 1911, kisha akazichapisha katika mabuku 10. Hata ndani ya jamii moja, alama ya Torati hubadilika sauti ikifika kwa manabii, na tena kwenye kitabu cha Esta. Matini na sauti basi vikae mafaili tofauti, ili jamii nyingine iweze kuongeza msomaji wake bila kubomoa chochote.

Jamii nyingine si lazima iwe mbali. Abayudaya wa eneo la Mbale, Uganda, walioanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, nao husoma Torati kwa Kiebrania. Anayeunda tovuti akiwa New York akumbuke wanaonunua bando. Sauti ya mtu mmoja kwa kilobiti 64 kwa sekunde inakula takriban nusu megabaiti kwa dakika, na inatosha kabisa.

Ratiba ya masomo nayo iachiwe kompyuta: ihesabu kila alama inatokea mara ngapi, na zinazorudi sana zitangulie. Shalsheleti, alama yenye lahani ndefu inayowavutia wote, inatokea mara 4 tu katika Torati nzima. Kumwanzishia nayo mtoto ni kumpotezea muda.

Marekani walimu wengi waliitegemea TropeTrainer, programu ya kulipia iliyoandaa watoto kwa miaka mingi. Mtungaji wake alipofariki, nayo ikakoma. PocketTorah imekwenda njia nyingine: msimbo, rekodi na saa za kila neno vimewekwa wazi, yeyote avichukue. Kama unafikiria kuanza tovuti ya aina hii, iwe ya Torati au ya kisomo kingine chochote, weka mafaili yako hivyo hivyo tangu wiki ya kwanza, na umpe mtu wa pili nywila ya seva.