Bakteria mwenye majiko mawili



Tukisikia neno "bakteria" wengi tunawaza kipindupindu na vidonda. Leo naomba tuwatazame wale wanaoishi juu ya majani, maana habari yao inamgusa kila aliyekulia kwenye ubwabwa kwa maharage, hata sisi wa London tunaoyanunua ya kopo.

Uso wa jani ni jangwa. Jua linachoma, umande unakuja na kukauka, na chakula ni haba: sukari kidogo inayovuja toka ndani, na asidi amino chache mno. Asidi amino ndiyo matofali ya protini. Bila hizo hakuna kiumbe kinachokua. Basi bakteria wengi wa majani inabidi wazipike wenyewe, na kila moja ina jeni zake. Aliyepoteza jeni hizo anaweza kunenepa maabara akilishwa, lakini mweke kwenye jani, hafui dafu. Steven Lindow na wenzake kule Berkeley, California, waliliona hilo miaka ya 1990 kwa bakteria wasioweza kujitengenezea methionini.

Sasa tuje kwenye maharage. Yupo bakteria aitwaye Pseudomonas syringae pv. phaseolicola (wengine sasa humwita Pseudomonas savastanoi). Jani likiugua utaona kidoa kimezungukwa na duara la manjano. Je, manjano yanatoka wapi? Bakteria anatoa sumu, faseolotoksini, inayokwamisha kimeng'enya ambacho mmea unakitumia kutengeneza arginini. Arginini ikikatika, ukijani nao unafifia.

Hapo nilijiuliza: mbona sumu haimuui mwenyewe? Naye si anahitaji arginini? Jibu ni tamu. Ana jeni mbili za kazi ile ile. Kimeng'enya cha ile ya kawaida kinazimwa na sumu kama cha mmea. Cha ile ya pili, argK, sumu haikiwezi. Yaani anazima jiko la mwenyeji wake na lake moja, halafu anapikia jiko la akiba!

Sumu hiyo hutoka zaidi kwenye ubaridi, nyuzi 18 hivi za selsiasi. Ikifika 28 karibu haitoki. Ndiyo maana ugonjwa huu ni wa nyanda za juu, si wa pwani. R. B. Mabagala wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, aliuchunguza Tanzania kaskazini, na mwaka 1992 yeye na A. W. Saettler walichapisha kuhusu maharage yaliyopandwa peke yake na yaliyochanganywa na mahindi. Uingereza nako, John Mansfield wa Imperial College London alimsoma bakteria huyu kwa miaka mingi. Jinomu yake ilichapishwa mwaka 2005, kutoka kwa sampuli iliyochukuliwa Ethiopia mwaka 1985.

Hapa ndipo pananiuma. Sampuli ya Afrika Mashariki inasomeka herufi kwa herufi kwenye kompyuta za Ulaya, ilhali wakulima wengi wa kwetu wanapanda mbegu walizobakiza wenyewe, na bakteria huyu husafiri ndani ya mbegu. Mkulima hana haja ya jina la kimeng'enya. Ana haja ya kuambiwa, kwa Kiswahili chepesi, kwamba shamba lililoonyesha duara la manjano lisitoe mbegu ya mwakani, hata punje zikionekana nzima. Mvua ikirusha matone, mimea michache tu iliyougua yatosha kueneza.

Kazi ya kulisema hilo ni yetu pia.

Nawasilisha.