Presha Kuka ya Stima Katika Nyumba ya Mkulima wa Chai: Inunuliwe au Iachwe?

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Oktoba, viwanda vya chai vya wakulima wadogo vinapolipa bonasi, maduka ya vyombo vya umeme ya Litein, Kapkatet, Sotik, Bomet na Kericho mjini hupanga mbele ya milango yao vitu ambavyo mkulima, aliyevumilia mwaka mzima kwa malipo madogo ya kila mwezi, sasa ana wasaa wa kuvitamani: redio, televisheni, birika za umeme na, katika miaka hii ya karibuni, sufuria ya presha ya umeme, ambayo wanunuzi wengi huiita presha kuka ya stima. Bei yake, aghalabu kati ya shilingi 6,000 na 15,000 kwa kadiri ya ukubwa na chapa, si haba kwa nyumba yenye karo ya kulipa Januari na deni la mbolea la kukatwa katika fedha ya majani. Na kwa kuwa bonasi ya upande huu wa magharibi ya Bonde la Ufa kwa kawaida huwa chini ya ile ya upande wa mashariki, matumizi mabaya ya fedha hiyo huuma hapa kuliko kwingineko. Kwa sababu hiyo swali la kuinunua sufuria hii au kuiacha linastahili hisabu ya insafu, isiyoongozwa na maneno matamu ya muuzaji wala na hofu ya jirani aliyesikia kwamba vyombo hivi hupasuka.

Tuanze na jiko lilivyo leo. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba nusu ya nyumba za Kenya zilikuwa zikiwashia taa kwa umeme, lakini zile zilizotegemea umeme kwa kupikia hazikufika hata moja katika kila mia, ilhali zaidi ya nusu zilipikia kuni. Mradi wa Last Mile wa kusambaza umeme, ulioanzishwa mwaka 2015, ulileta nyaya hadi kwenye vijiji vingi vya nchi ya chai, na hata hivyo nyaya hizo zimeishia sebuleni, kwenye taa, simu na televisheni, huku jikoni moshi ukiendelea kama zamani. Wala si ajabu, maana kuni huhesabiwa kuwa ni za bure: matawi ya mikalitusi iliyopandwa mpakani mwa shamba, vishina vya chai iliyopogolewa, na kwa wakaao karibu na msitu wa Mau ya Kusini-Magharibi, mzigo unaobebwa mgongoni kutoka msituni.

Lakini kuni hizo si za bure. Viwanda vyenyewe vinavyonunua majani yetu huchoma kuni katika matanuri yao ili kupata mvuke wa kuyakausha, kwa hiyo jiko la mama na tanuri la kiwanda hugombea mti mmoja, na kila mwaka mti huo huzidi thamani. Pana gharama nyingine isiyoandikwa katika daftari lolote. Mwanamke aliyetoka alfajiri na kikapu mgongoni, akachuma majani mawili na chipukizi mpaka mchana, akasimama katika foleni ya mizani kwenye kituo cha kukusanyia majani, hurudi nyumbani kukuta mahindi makavu na maharagwe yakimngoja, na chungu hicho humfunga karibu na moto kwa saa mbili au tatu za mwisho za siku yake, akiuchochea na kuuvuta moshi wake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi na hewa chafu ya majumbani viliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Na walio karibu kuliko wote na moshi huo ni huyo mama na mtoto aliyembeba.

Chungu hicho cha nafaka kavu ndicho kiini cha swali letu, na nchi yetu ya milima inakirefusha kwa sababu ya kimaumbile. Maji yaliyo usawa wa bahari, kama kule Mombasa, huchemka kwa nyuzi 100. Lakini Kericho na Bomet ziko kama mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na maji huchemka kwa nyuzi 93 hivi. Hata ukiuchochea moto mpaka ukuta uwe mweusi, maji yaliyo katika sufuria ya kawaida hayatazidi hapo; yatakauka tu, na harage litabaki gumu. Sufuria ya presha huufungia mvuke ndani mpaka maji yapite nyuzi 110, na tofauti hiyo ya nyuzi 17 au zaidi ndiyo inayoyalainisha maharagwe kwa muda mfupi. Ndiyo kusema chombo hiki kina faida kubwa zaidi kwa mpishi wa Kericho kuliko kwa mpishi wa pwani, ingawa matangazo yake hayasemi hivyo.

Namna kinavyofanya kazi ni rahisi kwa atakayekitazama kwa makini. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha huoshwa, hutiwa ndani pamoja na maji yasiyopita nusu ya sufuria, kwa kuwa nafaka hufura na kutoa povu linaloweza kuziba tundu la mvuke. Mpira wa mfuniko hukaguliwa kama umekaa sawasawa. Mfuniko huzungushwa mpaka ujifunge, na valvu huelekezwa upande wa kufunga. Kwa dakika 10 au 15 chombo huvuta umeme kwa nguvu yake yote, aghalabu wati 1,000, kisha kile kijipini kidogo cha mfunikoni huinuka, na tangu hapo umeme huingia kwa vipindi vifupi tu, kwa kuwa kuta zake zimezuia joto lisitoroke. Maharagwe yaliyolowekwa huiva kwa dakika 20 au 30, na githeri ya mahindi makavu na maharagwe kwa muda wa saa moja hivi. Kitabu cha maelekezo aghalabu huandikwa kwa ajili ya watu wa nchi za chini, basi mpishi wa huku na aongeze kama robo ya muda ulioandikwa. Mfuniko usiguswe kabla kijipini hakijashuka chenyewe. Kwa hakika vyombo vilivyotengenezwa vizuri hukataa kufunguka mvuke ukiwa bado ndani, na hapo ndipo hofu ya kupasuka ipatapo jibu lake.

Sasa tuje kwenye fedha, kwani hapo ndipo wengi hukosea kwa pande zote mbili. Chungu kimoja cha maharagwe hutumia kama yuniti 0.4 za umeme. Tangu mabadiliko ya bei ya Aprili 2023, mteja wa nyumbani asiyepita yuniti 30 kwa mwezi, kwa wastani wa miezi mitatu, hulipa bei ya chini. Anayepita 30 mpaka 100 hulipa bei ya kati. Na zaidi ya hapo bei hupanda tena. Kabla ya hapo mpaka wa bei ya chini ulikuwa yuniti 100. Ukijumlisha kodi na ada zinazobadilika kila mwezi, tuchukue kwa mfano kwamba yuniti ya ngazi ya kwanza ni takriban shilingi 20 na ya ngazi ya pili ni 25.

Tuseme nyumba yatumia yuniti 20 kwa mwezi kwa taa, simu na televisheni, yaani shilingi 400. Ikipika kwa sufuria hii mara tatu kwa juma, itaongeza yuniti zipatazo 5, itabaki chini ya 30, na kila chungu kitakuwa kimeigharimu shilingi 8. Lakini ikipika kila siku, itaongeza yuniti 12, jumla itakuwa 32, na kwa kuvuka mpaka kwa yuniti mbili tu yuniti zote zitalipiwa bei ya kati: shilingi 800. Nyongeza ni shilingi 400 kwa yuniti 12, ambayo ni zaidi ya shilingi 33 kwa kila yuniti, na chungu kile kile sasa kimefikia shilingi 13. Mwenye kujua mpaka huu atapanga upishi wake kwa tadbiri. Asiyejua atanunua tokeni, azione zinakwisha upesi, na kukilaumu chombo kwa taksiri isiyo yake.

Hata kwa bei hiyo ya juu, umeme haushindwi na gesi kwa chungu cha namna hii. Mtungi wa kilo 13 ukijazwa kwa shilingi 3,000, kila kilo ni shilingi 230. Na githeri ya saa mbili na nusu ikila robo ya kilo tu, imekula shilingi 57. Kwa nyumba inayopikia gesi, basi, kila chungu kinachohamia kwenye umeme huokoa kama shilingi 45 mpaka 50, na sufuria ya shilingi 8,000 hurudisha gharama yake kwa vyungu 160 au 180, yaani kwa mwaka mmoja na kitu ikitumiwa mara tatu kwa juma. Nyumba inayopika githeri mara moja tu kwa juma itangoja miaka mitatu, na huenda mpira wa mfuniko au kitufe cha kuwashia kikaharibika kabla ya hapo. Ama nyumba ya kuni za shambani, hiyo haitaona akiba ya fedha mkononi. Faida yake itakuwa katika saa za mama na mapafu ya watoto, na kila familia na iamue kwa uaminifu kama hayo yana thamani.

Yapo mambo ambayo chombo hiki hakiyawezi, na si haki kuyaficha. Kimyet, ugali wa kila jioni, huhitaji mwiko wenye nguvu na chombo kisichozunguka, nayo sufuria ya ndani ya presha kuka huzunguka pamoja na mkono. Chai ya maziwa ya nyumba nzima, inayochemshwa alfajiri na kutiwa katika chupa, hupikika vizuri zaidi kwa jiko jingine. Maziwa ya mursik, yanayogandishwa katika kibuyu, yana desturi yake, na makaa ya mti wa kusafishia kibuyu hayatoki katika soketi. Fauka ya hayo, katika baridi ya Julai, ukungu unaposhuka juu ya majani, moto wa jikoni ndio unaoipa nyumba joto na kuikusanya familia. Kwa hiyo asiambiwe mtu kwamba atayang'oa mafiga siku anayonunua presha kuka. Atayapunguzia kazi, si zaidi.

Liko pia suala la umeme wenyewe. Nchi ya chai ni nchi ya radi na mvua ya mawe, na stima hupotea hapa mara kwa mara. Na tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya yote ilikaa gizani kwa saa nyingi. Mwenye kupika mapema mchana atapata muda wa kutafuta njia nyingine ikiwa umeme utakatika. Mwenye kungoja saa moja ya usiku anajiweka hatarini. Kadhalika nyumba nyingi zilizounganishwa na Last Mile zina kibao kimoja chenye soketi moja au mbili, na watu huzidisha kwa ekstensheni nyembamba za sokoni. Chombo cha wati 1,000 sharti kichomekwe moja kwa moja ukutani, pasipo koili wala pasi kushiriki waya huo; na kama soketi hupata joto, fedha ya kwanza na ilipwe fundi wa umeme kabla ya muuza sufuria.

Kwa wasio na umeme wa kutegemewa kuna sabili mbili nafuu. Ya kwanza ni sufuria ya presha ya kuweka juu ya jiko la gesi au la makaa, ambayo hushinda nyuzi zile zile 93 bila kuhitaji waya. Ya pili ni kikapu cha kupikia, kilichojazwa vitambaa au sponji, ambamo chungu kilichochemshwa kidogo hufunikwa na kuendelea kuiva kwa joto lake chenyewe. Hiki mtu aweza kukitengeneza nyumbani. Wakenya wana kumbukumbu njema ya chombo kilichofaulu kwa njia hii: lile jiko la makaa lenye bati nje na udongo ndani, lililoenea tangu miaka ya 1980, lilipokewa kwa kuwa lilipunguza makaa bila kumlazimisha mtu abadili chakula chake.

Rai yangu, basi, ni hii. Nyumba ipikayo nafaka kavu mara tatu au zaidi kwa juma, yenye soketi salama na umeme unaokuwapo siku nyingi, na inayonunua gesi au makaa, na inunue, tena sufuria ya lita sita yenye fundi na vipuri katika mji wa karibu, na iwe mpishi mwenyewe ndiye aichaguaye na kuijaribu dukani kabla ya fedha kutolewa, maana mara nyingi mwenye kuishika bonasi siye mwenye kukishika chungu. Nyumba nyingine na ianze na kikapu. Nao wenye mamlaka ya kupanga bei ya umeme, ambao nchi yao huzalisha sehemu kubwa ya nguvu hiyo kwa mvuke wa Olkaria, kwa upepo, na kwa maji kama yale ya Sondu yashukayo kutoka Mau, na wautazame upya mpaka ule wa yuniti 30. Kwani si insafu kumhimiza mama aache kuni, kisha kumpandishia bei ya hata taa yake kwa sababu ametii.