Shamba la babu, kipande cha mjukuu: Ardhi inavyowaponyoka wakulima wa Java

BAADA ya sala ya alfajiri, wakulima wa vijiji vya Klaten, katika mkoa wa Java ya Kati nchini Indonesia, huingia kwenye majaruba kabla jua halijawa kali. Mmoja amebeba jembe begani, mwingine anasukuma pikipiki juu ya tuta jembamba linalotenganisha mpunga wake na wa jirani. Upande wa kaskazini magharibi unaonekana mlima Merapi, volkano iliyo hai, ambayo majivu yake yamerutubisha udongo wa bonde hili kwa karne nyingi. Mkulima aliyejaliwa maji ya mfereji huvuna mpunga mara mbili, na wengine hata mara tatu kwa mwaka.

Mgeni anayepita huona kijiji kisicho na shida. Nyumba za vigae zimejificha nyuma ya minazi, migomba na mianzi. Kuku wanachakura uani, na jioni wazee hukaa barazani wakinywa chai yenye sukari nyingi. Lakini ndani ya nyumba hizo kuna mazungumzo ambayo kila familia huyaogopa: baba akifariki, shamba litagawanywaje?

Hofu hiyo ina sababu. Kisiwa cha Java kina kilomita za mraba zipatazo 129,000, eneo lisilofika hata sehemu ya saba ya Tanzania. Hata hivyo, sensa ya mwaka 2020 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 151, yaani zaidi ya nusu ya Waindonesia wote. Ardhi haiongezeki, ila warithi wanaongezeka.

Mfano wake ni rahisi. Mzee mwenye hekta moja na watoto wanne humwachia kila mtoto robo hekta. Kila mtoto naye akizaa watatu, mjukuu anapata kipande kisichofika sehemu ya kumi ya hekta. Mpunga wa hapo unaweza kusaidia chakula cha nyumbani, lakini hautalipa ada ya shule wala kununua mbolea ya msimu ujao.

Waindonesia wana jina la mkulima mwenye chini ya nusu hekta. Humwita "petani gurem", na gurem ni yule mdudu mdogo anayesumbua kuku, ambaye Waswahili humwita utitiri. Sensa ya kilimo ya mwaka 2013 ilikuta kaya za namna hiyo zaidi ya milioni 14 nchini kote. Miaka kumi baadaye zilikuwa zimepita milioni 16, na nyingi ziko Java.

Mgawanyo wenyewe una mila zake. Msemo wa Kijava "sepikul segendongan" unamlinganisha mwana wa kiume na mtu aliyebeba mzega, kapu moja mbele na jingine nyuma, na binti na mtu aliyebeba mzigo mmoja kwa mbeleko. Maana yake ni kwamba mwana hupata mafungu mawili na binti fungu moja, jambo linalokaribiana na mirathi ya Kiislamu. Familia nyingine hugawa sawa kwa sawa. Nyumba mara nyingi humwendea mtoto aliyebaki kuwatunza wazazi, ambaye kwa kawaida ni kitinda mimba.

Kinachofuata hutegemea maelewano ya ndugu. Mmoja hununua mafungu ya wenzake na kubaki kijijini. Wengine huchukua fedha zao na kwenda kutafuta kazi viwandani, Jakarta au Surabaya, au kufanya kazi za ndani Malaysia na Hong Kong. Asiyekuwa na shamba hulima la mtu kwa mapatano. Katika "maro" mavuno hugawanywa nusu kwa nusu, na katika "mertelu" mlimaji hubaki na theluthi moja. Sheria ya mwaka 1960 inataka mapatano hayo yaandikwe mbele ya mkuu wa kijiji, lakini vijijini watu wengi bado huaminiana kwa mdomo.

Tatizo la pili ni karatasi. Sheria kuu ya ardhi, nayo ya mwaka 1960, iliweka haki ya umiliki kamili ambayo mtu binafsi hawezi kuipata bila kuwa raia wa Indonesia. Hata hivyo, kwa miongo mingi wanavijiji walitegemea kumbukumbu za kodi zilizotunzwa kwenye daftari la ofisi ya kijiji. Karatasi ya namna hiyo inaonyesha nani alilipa kodi, lakini si hati miliki. Mara nyingi jina lililoandikwa ni la babu aliyefariki zamani, na warithi wake wametawanyika. Mwaka 2017 serikali ilianza mpango wa kupima na kusajili viwanja vyote, kijiji baada ya kijiji, ili kila kipande kiwe na hati. Kwa familia nyingi ilibidi kwanza ndugu wakubaliane, na hapo ndipo ugomvi wa zamani ulipofufuka.

Kijiji chenyewe pia kina mali. Yapo mashamba ya hazina ya kijiji, yanayokodishwa ili kugharimia shughuli za umma. Yapo pia mashamba ya "bengkok", ambayo mkuu wa kijiji na wasaidizi wake hupewa wayalime au wayakodishe wakiwa madarakani, kama malipo ya kazi yao. Ndiyo maana uchaguzi wa mkuu wa kijiji huwa mkali kuliko mgeni anavyodhani.

Ulinzi wa mali hiyo umo mikononi mwa wenyewe. Kaya zimepangwa katika vikundi vya ujirani vinavyofanana na nyumba kumi za Tanzania, utaratibu ulioingizwa na Wajapani walipoitawala Java kati ya 1942 na 1945. Usiku wanaume hulinda kwa zamu. Kukiwa na mwizi au moto, hupigwa "kentongan", gogo au pingili ya mwanzi iliyotobolewa, na kijiji kizima huamka.

Lakini kentongan haizuii barabara. Katika miaka ya karibuni, barabara ya kulipia inayounganisha Solo na Yogyakarta imekatiza katikati ya majaruba ya Klaten. Sheria ya mwaka 2012 inaruhusu ardhi kuchukuliwa kwa manufaa ya umma, mradi mwenyewe alipwe fidia. Akikataa malipo, fedha zinaweza kuwekwa mahakamani na kazi ikaendelea. Mwenye hati hupata fedha ambazo hajawahi kuzishika maishani, lakini shamba jingine la kununua jirani si rahisi kulipata. Aliyekuwa akilima nusu kwa nusu ndiye anayeumia zaidi, maana fidia ya ardhi humfuata mwenye ardhi.

Ipo pia sheria ya mwaka 2009 ya kulinda mashamba ya chakula yasigeuzwe kuwa makazi au viwanda, ingawa nayo imeacha mlango kwa miradi ya umma. Hivyo mzigo wa kulinda ardhi hurudi kwa familia.

Baadhi ya ndugu wameamua kutogawa kabisa. Shamba hubaki moja, na kila msimu hulimwa na mmoja wao kwa zamu. Anayekosa zamu husubiri, au huenda mjini kufanya kibarua hadi yake ifike. Si njia ya kumtajirisha mtu, na huvunjika upesi mmoja akianza kudai fungu lake. Lakini pale ndugu wanapoelewana, shamba la babu bado ni shamba.