Kompani kubwa na kura ya raia

Katika inchi ya demokrasia raia anapiga kura, na yule aliyechaguliwa anatawala. Ndivyo tunavyofundisha. Lakini katika mwaka 1977 Charles Lindblom, mwalimu wa elimu ya siasa katika chuo kikuu cha Yale, Marekani, alitoa kitabu juu ya siasa na soko, akaonyesha kwamba wenye kompani kubwa wanatawala vilevile, na hakuna raia aliyewachagua.

Tuangalie vema neno lake, kwani wengi wanalishika vibaya. Hasemi kwamba matajiri wananunua wakubwa kwa rushwa. Rushwa ipo, lakini si mzizi. Mzizi ni huu: katika inchi ya soko, kazi za kulisha watu wote zimewekwa mikononi mwa kompani. Wao wanaamua kiwanda kijengwe wapi, na watu wangapi waandikwe kazi. Serkali inaweza kumkataza mwenye kompani jambo fulani. Kumlazimisha aweke feza yake, haiwezi. Inabaki kumbembeleza: kumpunguzia kodi, kumjengea barabara. Akinyima, kazi zinapotea, raia wanakasirika, na siku ya kura anaanguka mtawala, si mwenye kompani. Basi hata mtawala mwaminifu, asiyekula faranga moja, atamsikiliza huyo kwanza. Hakuna haja ya shauri la siri. Katika mwaka 1982 Lindblom alilinganisha soko na gereza: ukijaribu kugeuza mambo, azabu inakuja yenyewe. Anayesema kwamba wakubwa wasiokula rushwa watatosha, hajafika mwisho wa jambo.

Kompani ya mafuta Mobil ilichukizwa na kitabu, ikalipa tangazo katika gazeti New York Times kukipinga. (Raia gani angeweza kujibu hivyo? Mwandishi alikuwa amesema wazi kwamba kompani zinasema kwa feza ambayo raia hana.)

Lakini je, kompani zinashinda kila mara? Hapana. Katika mwaka 1970 Marekani ilitoa sheria ya kusafisha hewa, ingawa watengenezaji wa motokari waliipinga. Lindblom anajibu kwamba wanashindwa katika madogo. Lile kubwa, yaani nani awe na amri juu ya kompani yenyewe, haliletwi hata mbele ya raia. Jibu hili lina nguvu. Ila kwa mtu anayevuta moshi kila siku, hewa si jambo dogo, na hapo tunaona mwalimu amepima kwa kipimo kifupi.