Namba Tasa 2,147,483,647: Sifa Zake za Kihisabati na Tatizo la Kuisoma kwa Kiswahili

Namba 2,147,483,647 hupatikana kwa kuchukua 2 yenye kipeo cha 31 na kutoa 1. Ni namba tasa, yaani haina kigawo ila 1 na yenyewe. Istilahi hii imezoeleka shuleni, ingawa kisemantiki ina walakini: tasa ni asiyezaa, ilhali namba hizi ndizo zinazozaa nyingine kwa kuzidishwa. Zisichoweza ni kuzaliwa kwa njia hiyo.

Namba za umbo hili hunasibishwa na Marin Mersenne, mtawa Mfaransa wa karne ya 17. Ili namba ya umbo hili iwe tasa, kipeo chake nacho sharti kiwe tasa, lakini sharti hilo halitoshi. Kipeo 11 ni tasa, na bado hutoa 2,047, ambayo ni zao la 23 na 89. Kwa hiyo kila namba ilidai uthibitisho wake. Wa hii ulitolewa na Leonhard Euler katika barua iliyochapishwa mwaka 1772. Badala ya kujaribu vigawo vyote hadi kipeuo cha pili, ambacho hakifiki 46,341, aliweza kutumia kanuni kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii sharti kibakishe 1 au 63 kinapogawanywa kwa 248. Ukiiacha 1 yenyewe, zinabaki namba 373 tu za kuchunguzwa, na nyingi kati yake si tasa. Hakuna hata moja iliyogawanya bila baki. Mwaka 1811 Peter Barlow aliandika kwamba namba timilifu inayotokana nayo, yenye tarakimu 19, ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha utasa wa namba yenye kipeo cha 127.

Katika kompyuta, namba hii ndiyo kikomo cha juu cha namba kamili zinazohifadhiwa kwa biti 32, moja ikiwa ya alama ya hasi au chanya. Mifumo inayohesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa biti hizo itafika kikomo tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kisha itarudi mwaka 1901. Mikopo na pensheni za muda mrefu tayari zinahesabiwa kupita tarehe hiyo.

Hatari ya pili ni ya lugha. Sehemu ya maelfu ya namba hii husomwa "elfu mia nne themanini na tatu". Kwa kuwa inafuatwa na "mia sita arobaini na saba", msikilizaji haelewi vibaya. Ikiondolewa mkia huo, maneno yale yale yanaweza kumaanisha 483,000 au 400,083, tofauti ya 82,917. Katika hati ya mkataba au makadirio ya bajeti, tofauti hiyo ni fedha. Kutumia "laki nne" hakutoshi, kwani "elfu themanini na tatu" inabaki na utata ule ule. Muundo unaotanguliza kizidisho, "mia nne themanini na tatu elfu", hauna utata huo, nao tayari umo vinywani mwa wasemaji. Ni miongozo ya uandishi wa hati rasmi inayopaswa kuuteua.